Mstari Mnyoofu Kati ya Kwetu na kwa Baba Mkubwa

Juzi mjukuu wangu alinisukumia daftari mezani, katikati ya vikombe vya chai, akataka nimkagulie kazi yake ya nyumbani. Daftari lilinukia karatasi mpya na penseli iliyochongwa sasa hivi. Ameandika kwa mwandiko wake wa kuku: "Mstari mnyoofu ni mstari usiopinda. Mstatili una pande nne na pembe mraba nne." Majibu sahihi. Nikashika kalamu nimpigie vema, mkono ukasita. "Bibi, nimekosa?" akauliza. Nikamwambia hapana, umepata, ila mstari mnyoofu ulimtia bibi yako matatani kabla mama yako hajazaliwa. Akacheka, akaenda zake kucheza. Basi nawasimulia ninyi wenzangu, mliobeba jembe na ndoo ya samadi kwenda shule kama mimi, maana ninyi mtanielewa.

Kwetu ni mlimani, juu ya Himo, ambako kihamba cha mtu, yaani shamba lake la migomba la urithi, kinaanzia pale kilipoishia cha nduguye. Babu alipofariki, kihamba chake kilibaki kwa wanawe wawili: Baba Mkubwa, kifungua mimba, na baba yangu, kitinda mimba. Tuliishi ubavu kwa ubavu. Baba Mkubwa alikuwa na binti, Aika, rika langu kabisa. Tulisoma darasa moja na penseli tuliyonunuliwa tuliikata katikati kwa panga, kila mmoja na kipande chake. Asubuhi nilikuwa nasimama mpakani naita, "Aika we!" naye anatokea kwenye migomba huku anatafuna kiporo.

Huo mpaka haukuwa ukuta wala seng'enge. Yalikuwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kila Mchagga huipanda kuonyesha pale anapoishia yeye na anapoanzia jirani. Tulijua kwamba sale haliguswi ovyo. Kwa nini, hakuna aliyetuambia. Kwetu mtoto alikuwa hafafanuliwi jambo, alikuwa anakatazwa tu, na ukiuliza sababu unatumwa maji.

Tulipoingia darasa la tano tukapata mwalimu mpya wa hisabati, Mwalimu Nyoni. Wazazi wake walitoka kusini kutafuta kazi, naye alikulia kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule tambarare. Alikuwa kijana, mrefu, shati jeupe kila siku, na hakuwa mtu wa fimbo. Wakati huo masomo yalikuwa yamegeuzwa Kiswahili si zamani sana, na yeye mwenyewe hesabu alifundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno alikuwa anayasoma kwenye karatasi yenye wino wa zambarau, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nukta. Mstari mnyoofu. Pembe kali, pembe butu, pembe mraba. Sisi nyumbani tulisema Kichagga. Kiswahili kilikuwa cha shule, kanisa na redio. Yale maneno yaliingia kichwani mwangu yakakuta hakuna mwenyeji wa kuyapokea.

Sikuelewa kitu, nasema kweli. Alisema nukta haina urefu wala upana, kisha akaichora ubaoni kwa chaki na wote tukaiona. Alisema mistari sambamba haikutani hata ikienda hadi mwisho wa dunia, nikanyoosha mkono nikauliza ni nani aliyewahi kwenda huko kuangalia. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Nyoni hakucheka wala hakukasirika, alitazama karatasi yake ya zambarau akakuta haina jibu. Kitu kimoja tu ndicho nilichokishika, kwa sababu alikirudia mara nyingi: kati ya nukta mbili, njia fupi na iliyo sahihi ni mstari mnyoofu. Na kila umbo lina jina lake.

Siku moja akatupa kazi ya kujitegemea, kama ilivyokuwa lugha ya wakati ule. Kila mmoja aende akapime shamba la kwao kwa hatua, alichore, aandike jina la umbo lake na mzingo wake. Michoro mizuri itabandikwa ukutani, wazazi waione siku ya kikao. Mimi na Aika tukapima kwa bidii zote. Tulitembea pembeni ya vihamba vyetu tukihesabu hatua kwa sauti, tukaruka mfongo, ule mfereji wa maji, tukagombana nani ana hatua kubwa. Ijumaa tukapeleka michoro yetu, kila mmoja na wa kwao.

Wenzetu karibu wote walileta mstatili. Waliuchora pale pale darasani kabla ya kengele, kwa rula, na mashamba yao hawakuyafikia hata kwa macho. Wangu ulikuwa wa kweli, na ndio maana ulikuwa mbaya. Pande tatu zilikuwa na nafuu. Upande wa nne, ule wa kwa Baba Mkubwa, mpaka ulishuka vizuri kutoka kwenye mfongo, halafu katikati ukatuingilia, ukazunguka migomba mitatu, ukarudi tena ukateremka hadi njiani. Kwenye daftari langu ulionekana kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mchoro wa Aika ulikuwa na tumbo hilo hilo, upande wa pili.

"Umbo hili linaitwaje?" Mwalimu Nyoni akaniuliza.

"Sijui, mwalimu."

"Ni mstatili? Ni pembetatu?"

"Hapana, mwalimu."

"Kama halina jina, basi hamkupima vizuri, wewe na mwenzako. Mpaka wa shamba ni mstari mnyoofu. Kule nilikokulia, ukisimama kona moja ya shamba unaiona kona nyingine. Nendeni mkapime tena. Jumatatu mnaleta."

Wenzetu wakatucheka, wale waongo. Njiani kurudi nyumbani Aika alikuwa analia kwa hasira. Mimi nilikuwa nafikiri, na kufikiri kwangu siku hizo kulikuwa hatari. Kama mwalimu anasema mpaka ni mstari mnyoofu, na sisi tumepima kwa haki tukapata uliopinda, basi kosa haliko kwenye daftari. Kosa liko shambani. Mtu aliyepanda yale masale alikosea, labda kwa sababu enzi zake hapakuwa na shule.

Jumamosi wanaume walikwenda msaragambo wa kusafisha mfongo, na mama zetu walikwenda sokoni. Tukasuka kamba ndefu ya majani makavu ya mgomba, tukaiunga kwa mafundo. Aika akashika ncha ya juu, kwenye sale lililo karibu na mfongo. Mimi nikashika ncha ya chini, kwenye sale la njiani. Hizo ndizo nukta zetu mbili. Tulipoivuta ikakaza, tukaona jinsi masale ya katikati yalivyokuwa yamepotea njia.

"Hapa katikati tutapungukiwa," Aika alisema. Ile migomba mitatu ilikuwa inaangukia upande wetu.

"Migomba mitatu tu. Si utakuja kula ndizi kwetu?"

Akaitazama ile migomba. "Mama anapenda kukaa pale."

"Atakaa. Nani atamfukuza?"

Ni kweli Mama Mkubwa alipenda kukaa pale. Kila mara akiwa na ndizi za kumenya alibeba beseni lake hadi chini ya migomba ile mitatu, na mikungu yake hatukuwahi kuona ikikatwa na mtu mwingine. Alipafagia, hakuacha jani hata moja. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya kivuli. Basi tukang'oa masale kumi na moja, tukayapanda upya kwenye kamba, moja baada ya jingine, tukamwagia maji. Mashimo ya zamani tukayafukia na kuyafunika kwa majani makavu. Nilisimama njiani nikafumba jicho moja, nikaliona sale la kwanza tu, mengine yote yamejificha nyuma yake. Sijui kama nimewahi kuona fahari kama ile tena maishani.

Jumapili baada ya kanisa, Baba Mkubwa alikuja kwetu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba Mkubwa," hakuitikia. Mama akamletea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuipokea. Alisimama uani na nguo zake za kanisani, viatu vina udongo mbichi.

"Umemrudisha kwako," alimwambia baba.

"Nimemrudisha nani?"

"Usinifanye mtoto. Miaka yote hii umekaa na kinyongo, ukanichekea, unasubiri tu. Ungetaka ardhi ungesema. Lakini yeye! Yeye amekukosea nini?"

Baba alikwenda kuangalia. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka kabisa. Akaapa kwa jina la baba yao kwamba hakugusa sale. Baba Mkubwa akauliza kwa sauti ya chini, ambayo iliniogopesha kuliko ukali, "Kwa hiyo yametembea yenyewe?" Akasema siku ya Alhamisi atawaita wazee wa ukoo na balozi wa nyumba kumi, na tangu leo mtoto wake asionekane kwetu, wala wa kwetu kwake.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, akili imevurugika. Nilitafuta huyo "yeye" ni nani. Nikahesabu ng'ombe wetu: walikuwa wawili, wale wale. Nikahesabu mbuzi. Nilijua fika ni nani aliyehamisha masale, lakini kilichokuwa kinasemwa pale uani hakikufanana na tulichokifanya. Sisi hatukumchukua mtu yeyote. Sisi tulinyoosha mstari. Nikajiambia lazima kuna jambo jingine, la wizi, lililotokea siku ile ile kwa bahati mbaya, na nikikiri letu nitabebeshwa na hilo. Nikanyamaza. Na majirani nao walinyamaza, maana ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Jumatatu niliita mpakani, "Aika we!" Hakutokea. Alikuwa ametangulia peke yake. Darasani aliketi dawati la nyuma, akamwambia mwalimu kwamba amesahau daftari. Mimi nilipeleka langu. Mstatili, pande nne, pembe mraba nne, hatua zote zimeandikwa. Mwalimu Nyoni akatabasamu, meno yote nje. "Mnaona? Aliporudi kupima vizuri, umbo limepata jina." Akaubandika mchoro wangu ukutani kwa uji wa sembe. Darasa likanipigia makofi ya kilo, nami nikageuka kumtazama Aika. Alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati.

Siku hizo tatu sikujua ulimwengu ulikuwa unataka nini kwangu. Mstari ule ule ukutani ulipigiwa makofi, na nyumbani uliwanyima watu wazima chakula. Mama alipika mtori, baba hakugusa. Nilimsikia akimwambia mama, "Miaka minne hatukusalimiana kwa ajili ya mpaka ule. Minne. Safari hii tutakufa hatujasemezana." Mama akamtaja Mungu kwa Kichagga, "Ruwa wangu." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa sana, kwa sababu nilihesabu miaka minne mbele nikaona mimi na Aika tumemaliza shule bila kuongea.

Jumatano nilimkuta baba amechuchumaa njiani, kwenye sale la chini, amefumba jicho moja kama nilivyofanya mimi. Mkononi alikuwa ameshika kipande cha kamba yetu, chenye fundo.

"Njoo hapa," aliniita. "Mtu mzima hapandi masale namna hii. Mtu mzima anayeiba, anaiba hatua moja leo, nyingine mwakani. Huyu aliyepanda hapa hakuwa anaiba. Alikuwa anafanya nini?"

Nikakimbia ndani nikaleta daftari, nikamweleza yote: nukta, mstari mnyoofu, tumbo, mstatili, Jumatatu. Baba hakusoma zaidi ya darasa la pili. Alisikiliza somo zima la Mwalimu Nyoni mpaka mwisho, kidole chake kikifuata mchoro, na nilipomaliza akaketi chini kwenye majani, bila kujali kaptula yake safi.

"Nani alipinda mpaka ule, unajua?"

"Babu?"

"Mimi."

Akaniambia. Kabla sijazaliwa mimi, kabla ya Aika, Mama Mkubwa alijifungua mtoto wa kike, akaishi siku tisa. Ilikuwa masika, mvua haikati, wakamzika migombani haraka haraka. Wakati ule masale yalikuwa machache na yamefunikwa na majani, na ndugu hao wawili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka huo huo. Mvua ilipokatika ikaonekana kaburi limeangukia upande wetu.

"Kaka yangu asingeniomba hata kwa kufa," baba alisema. "Na mke wake hakusema lolote. Alikuwa anakuja hapo mpakani, anasimama upande wao, anatazama huku kwetu. Kila asubuhi. Hakuvuka, kwa sababu tuligombana. Nikavumilia wiki moja. Ya pili ikanishinda. Nikang'oa masale mbele ya macho yake, nikayazungusha nyuma ya ile migomba, ili mtoto alale kwao. Siku hiyo ndipo kaka yangu aliponisalimia tena."

Nilimwelewa, na wakati huo huo sikuelewa. Nilidhani watu wazima wanapinda vitu kwa sababu hawajui kunyoosha. Sikujua kwamba mtu anaweza kupinda kitu kwa makusudi, akijua kabisa, na kikawa sawa. Nililia kwa uchungu na aibu, na baba hakunibembeleza, aliniacha nimalize. Kisha akachuma jani moja la sale, akalifunga fundo katikati. Kwetu anayekosa huenda na jani hilo kwa aliyemkosea, na ni vigumu mtu kulikataa.

Tulimkuta Baba Mkubwa uani ananoa panga, Mama Mkubwa anamenya ndizi jikoni, mlangoni. Tangu Jumapili hakuwa amekwenda kukaa kwenye migomba yake. Baba alinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Kaka, nimekuja na sale. Ni watoto. Walitumwa na shule."

"Shule inang'oa masale?"

"Mwambie," baba aliniambia. Nikafungua daftari, nikawa natafuta ukurasa wa mchoro. Ndipo Aika alipotoka nyuma ya nyumba, macho yamevimba, akasema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto, "Mimi nilishika kamba juu, baba. Yeye alishika chini. Tulikuwa wawili."

Baba Mkubwa alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akalitazama jani. Hakulipokea. "Watoto wamekosa, sawa," alisema. "Lakini siku nne mtoto wangu amelala kwa watu. Jani moja litafanya nini?"

Mama Mkubwa akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja akalichukua lile jani mikononi mwa baba. "Aliyelala pale nilimbeba mimi," alimwambia mumewe. "Kwa hiyo hili ni langu, nami nimepokea." Akatutazama mimi na Aika. "Leteni jembe. Hapana, acheni jembe. Twendeni."

Alitangulia peku. Yale mashimo tuliyoyafukia hakuyatafuta wala hakuinama kukagua. Alitembea kutoka kwenye mfongo, akaanza kuzunguka, na kila alipofika mahali pa sale alisimama akagonga ardhi kwa kisigino, "Hapa," kisha akaendelea. Mara kumi na moja. Baba na Baba Mkubwa walikuwa nyuma wakiyang'oa masale yetu yaliyonyooka, kila mmoja upande wake, bado hawasemi, lakini baba aling'oa akampa kaka yake, na kaka yake akayapokea.

Kwenye kona ya ndani kabisa, nyuma ya ile migomba mitatu, Mama Mkubwa aliinama akaokota majani makavu.

"Alikuwa anaitwa nani?" Aika aliuliza. Maisha yake yote hakujua kama aliwahi kuwa na dada. Alikuja kujua Jumapili ile, kwa kusikiliza ukutani, na siku zote hizo hakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Elinami," mama yake alijibu.

Akachukua sale moja kutoka kwa mumewe. Aika alinyoosha mkono apewe, lakini Mama Mkubwa akanipa mimi. Nilipiga magoti nikachimba kwa vidole, nikalisimamisha sale, nikafukia. Machozi yalinifanya nisione vizuri nilichokuwa nafanya. Nikainuka, nikanyanyua mguu ili niukanyage udongo ushike, kama wanavyofanya watu wazima wakipanda.

Mama Mkubwa akanishika kifundo cha mguu.

"Kwa mikono, mwanangu," alisema. "Taratibu. Amelala."